Mwanamume Anayekamua

Mikono yangu ilikuwa laini kuliko ya mke wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitesa kwanza. Pale Mashimoni, mtaa wetu wa mabati jijini Nairobi, wanaume walibeba mawe, walichimba mitaro, waligonga mabati mchana kutwa, na mimi katikati yao nilikuwa na viganja vya bibi harusi. Ukinisalimu kwa mkono nilikupa ncha za vidole tu, halafu mkono ukarudi mfukoni. Jirani yangu mmoja, fundi wa viatu kutoka upande wa ziwa, alipenda kuniuliza, "Niaje, bosi? Ofisi iko aje?" Nami nilicheka, nikapita haraka. Angejua hiyo ofisi ina kwato na mkia, angenicheka mpaka wiki iishe.

Nilikuwa nakamua ng'ombe. Basi, nimesema. Kila alfajiri na kila alasiri nilikaa juu ya kigoda huko Kawangware, kichwa nimekiegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, navuta chuchu. Na mikono ililainika kwa sababu ya jeli ya kukamulia, ile ile ambayo nusu ya Nairobi hujipaka usoni wakienda kanisani na hawaoni haya yoyote.

Utaniuliza aibu iko wapi, kazi si ni kazi? Wacha nikueleze. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Kwetu, enzi za wazazi wangu, kukamua ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Mwanamume alichunga, alichinja, aliuza na kununua. Mwanamume mzima mwenye ndevu akionekana amechuchumaa chini ya ng'ombe, watu waliuliza kama mke wake amekufa ama amemkimbia. Nami nilikuwa nimeoa, tena nimeoa kwenye boma la watu wanaojulikana. Nilipokuwa naaga, niliwaambia wakwe zangu kwamba nakwenda Nairobi kutafuta kazi ya maana. Halafu nikapata hiyo.

Mke wangu alijua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na huyo ndiye aliyefua nguo zangu zikinuka samadi na maziwa yaliyoganda. Lakini nilimwahidisha asimwambie mtu, wa huku wala wa nyumbani, hata mama yake. Nilimwahidisha kwa ukali, maana mimi hasira yangu huwa karibu. Watu wakiuliza, jibu lilikuwa kwamba niko kwa kampuni. Kampuni gani, sikusema, na aliyeendelea kuuliza nilimkasirikia mpaka akanyamaza.

Mwenye ng'ombe alikuwa mama mzee wa Kikuyu ambaye sote tulimwita Shosho, yaani nyanya. Ploti yake ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele kulikuwa na vyumba vya kupangisha, nyuma banda la ng'ombe watatu wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, ambao hawakuwahi kukanyaga malisho tangu wazaliwe. Walikula majani ya nepia yaliyoletwa kwa mkokoteni, walilala kwenye saruji, na walichotakiwa kutoa ni maziwa tu. Wapangaji walilalamika juu ya inzi kutwa nzima, halafu jioni wakapanga foleni na sufuria zao.

Sasa watu hudhani kukamua ni kuvuta. Si kuvuta. Unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unapangusa, unapaka jeli, halafu unabana juu kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole vingine vinateremka kimoja kimoja. Ng'ombe akitulizwa na mkono wako anashusha maziwa, na akishashusha hana subira. Ukichelewa anayafunga, yanabaki ndani, na ng'ombe anayebakishiwa maziwa kila siku hupunguza mwenyewe. Kwa hivyo mkono mzito ni hasara, na mkono mkali ni hasara zaidi. Mimi nilikuwa na mkono mzuri. Shosho alisimama mlangoni siku moja, akatazama povu likipanda ndooni, akasema, "Wewe una mikono ya mama kabisa." Alidhani ananisifu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na kigoda changu.

Hata na mkono mzuri, ng'ombe watatu kwa mtu mmoja ni kazi. Yule wa tatu alikuwa akingoja huku analia, maziwa yakimdondoka yenyewe kwenye saruji, na Shosho akiyatazama yale matone kwa uchungu kama damu yake. Nadhani ni kwa ajili ya hayo matone aliamua kununua mashine.

Aliipata kwenye mnada, shamba moja la huko Limuru ambalo mwenyewe alikuwa anauza kila kitu. Ililetwa na pikapu ikiwa imefunikwa gunia. Kulikuwa na pampu ya kunyonya hewa na mota yake ya stima, paipu ndefu ya mpira mweupe unaoonyesha ndani, ndoo ya chuma yenye kifuniko cha kubana, na vikombe vinne, nje chuma, ndani raba. Juu ya kifuniko kulikuwa na kidude kinachogonga tik-tik, tik-tik, na kila kikigonga ile raba ya ndani inabana na kuachia, ng'ombe akahisi kama ananyonywa na ndama. Mtu aliyekuja nayo alituonyesha kuwasha, kuzima na kuosha, akanywa chai, akaenda zake. Kuhusu jeli hatukumwuliza, naye hakusema. Nani angeuliza? Kwani umewahi kuona ng'ombe akikamuliwa mkavu?

Furaha niliyoipata siku hiyo mpaka leo inaniaibisha. Shosho alifurahia maziwa, na hiyo ni haki yake. Mimi nilifurahia swichi. Mtu anayebonyeza swichi si mkamuaji, bwana, ni opereta. Nilikwenda Soko la Toi nikachimba kwenye mitumba mpaka nikapata dastikoti, lile koti refu la kazi, ya bluu yenye mfuko wa kalamu kifuani, nikatia na kalamu ingawa sikuwa na la kuandika. Nikawa natembea nayo kutoka Kawangware mpaka Mashimoni, kifua mbele. "Siku hizi niko kwa mashine," nikamwambia yule fundi wa viatu, na kwa mara ya kwanza nikampa mkono wote. Akautazama, akasema, "Opereta, wewe unajua kula maisha."

Na mashine ilifanya kazi, nisiisingizie. Ilikamua chuchu zote nne kwa pamoja, na ng'ombe alikuwa amemaliza kabla hajamaliza chakula kwenye hori. Yule wa tatu aliacha kulia, kwa sababu sasa zamu yake ilifika wakati maziwa yake bado yako mbioni kushuka. Hakukuwa na unywele ndooni wala samadi ya kuruka. Maziwa yakaongezeka, si kwa miujiza, ila kwa sababu yale yaliyokuwa yakibaki na kudondoka sasa yaliingia ndooni. Nilipata muda wa kusugua sakafu na kukata nepia vizuri. Shosho alianza kuzungumza juu ya ng'ombe wa nne, na mimi nilianza kupanga jinsi nitakavyorudi Kitui Krismasi na dastikoti yangu nikiwa nimeipiga pasi.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila siku, kabla ya kuvisha vile vikombe, nilipaka jeli. Niliipaka vizuri, juu mpaka chini, kama nilivyokuwa nikipaka siku zote. Baadaye daktari wa ng'ombe alikuja kutueleza kwamba jeli ni ya mkono, na mashine inataka chuchu kavu. Chuchu ikiwa na mafuta, kikombe hakishiki. Ama kinateleza na kuanguka, ama kinapanda juu mpaka kinaziba njia ya maziwa pale chuchu inapoungana na kiwele, na ng'ombe ananyonywa hewa tupu huku maziwa yamebaki ndani. Tena mafuta yenyewe yanaila raba. Inavimba, inalegea, inanata kama pipi iliyotafunwa. Haya yote mtu wa mashine angeyajua. Mtu wa mkono ndiye peke yake angeweza kukosea hivyo, na mimi, chini ya ile dastikoti, nilikuwa mtu wa mkono.

Mambo yakaanza kuharibika polepole. Vikombe vikawa vinapiga mluzi. Ng'ombe mkubwa, yule mweusi wa madoa ambaye Shosho alimtegemea, akaanza kuinua mguu kila nikimkaribia. Nikimaliza na mashine, nikipapasa kiwele kinabaki kizito, na lazima nikae kwenye kigoda nimalizie kwa mkono. Hilo nililifanya mlango umefungwa. Maziwa yakarudi pale yalipokuwa, halafu yakapita hapo yakishuka. Shosho akaniambia, "Hii kitu ilikuja kuongeza. Mbona inapunguza?" Nikamwambia ni stima, stima ya Kawangware haina nguvu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtaalamu, na akaniamini.

Ni wakati huo mama mkwe alipofika kutoka Kitui.

Alikuja bila taarifa, na mfuko mmoja, na hakusema amekuja kwa nini. Ili uelewe nilivyoshtuka, ujue kwamba kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wana adabu kali kati yao. Inaitwa nthoni, na neno lenyewe maana yake ni aibu. Humtazami machoni, humshiki mkono, hukai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Hiyo iliwekwa na watu wenye vichaka. Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia katikati, kwa hivyo usiku huo huo nilihama nikaenda kulala sakafuni kwa yule fundi wa viatu. Kesho yake nikakutana na mama mkwe uso kwa uso kwenye uchochoro wa kwenda kuteka maji, mabati huku na mabati kule. Nikatafuta kichaka. Hakuna. Nikaingia mtaroni, na viatu vyangu, nikasimama kwenye maji machafu nimempa mgongo mpaka alipopita. Watoto walicheka sana, na naamini hata yeye alinionea huruma.

Jioni mke wangu alinifuata kwa fundi. Tukasimama nje.

"Mama anataka kuona kazi yako," akasema. "Kwa macho yake."

"Kwa nini?"

"Hajasema yote. Amesema tu kwamba asiporidhika, anarudi na mimi. Mimi na watoto."

Nilijua ni nini. Mtu wa kwetu amepita Kawangware, amechungulia kwenye lango la Shosho, ameniona nimeinama chini ya ng'ombe, na habari imefika Kitui. Baba mkwe amesema binti yake hawezi kukaa na mwanamume anayefanya kazi ya wanawake, na amemtuma mkewe aje amchukue. Sikuwa na shaka hata kidogo.

"Mwambie tu ukweli," mke wangu akasema.

"Ukweli upi? Mimi ni opereta. Aje aone mashine."

Akageuka, akaenda.

Nilichagua alasiri, wakati kuna mwanga wa kutosha wa kuonyesha vyuma vikimeta. Nilisugua sakafu mpaka ikawa kama ya hospitali. Ile ndoo niliing'arisha kwa majivu. Nikavaa dastikoti. Na kwa kuwa nilitaka mambo yaende vizuri kuliko siku yoyote, nikachota jeli ya kutosha, nikampaka ng'ombe mkubwa kwa ukarimu ambao hajawahi kuuona. Chuchu ziling'aa.

Mke wangu alimleta. Mama mkwe akasimama kando ya mlango wa banda, leso ameivuta juu ya kichwa, uso ameuelekeza upande kama inavyotakiwa, lakini nilijua anaona kwa pembe ya jicho. Shosho alikuwepo pia, amekaa kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, anafurahia kupata wageni. Nikabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, tik-tik ikaanza, nikavisha kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kwa madaha, kama mtu anayevisha mtoto viatu vya Pasaka. Maziwa yakapita kwenye ule mpira mweupe. Nikasimama wima, mikono nyuma. Kwa muda mfupi kabisa nilikuwa mtu niliyetaka kuwa.

Halafu mluzi ukaanza. Kikombe kimoja kikapanda, kikapanda, mpaka kikakaba juu kabisa. Nikajifanya sioni. Kingine kikateleza kikaanguka chini, na kwa kuwa pampu ilikuwa bado inavuta, kikaanza kufyonza samadi kutoka sakafuni kwa sauti ambayo siwezi kuiandika mbele ya watu wenye heshima. Samadi ikapita kwenye ule mpira mweupe, sote tukiiona, ikaenda kuungana na maziwa ndooni. Ng'ombe akapiga teke. Ndoo ikaruka, kifuniko huko, maziwa ya kijani yakatapakaa mpaka kwenye miguu ya mama mkwe.

Shosho aliinuka kutoka kwenye ule mtungi kama mtu wa miaka ishirini. "Zima hiyo kitu! Zima! Unaniulia ng'ombe!" Akashika kiwele, akahisi upande mmoja ulivyokuwa mgumu na moto. "Hii ni mastaitis, ule ugonjwa wa kiwele, inaanza. Keti chini, kamua na mikono kama vile wewe hukamua kila siku. Na usiache tone ndani." Akamgeukia mke wangu. "Wewe mama, kuja unisaidie na maji ya moto." Wakatoka wote wawili kuelekea jikoni.

Kama vile wewe hukamua kila siku. Maneno hayo yalisikika vizuri, hata kwa mtu aliyejifunika leso.

Tukabaki watatu, mimi, mama mkwe na ng'ombe. Nilitarajia ataondoka. Hakuondoka. Alijigeuza tu, akanipa mgongo kabisa, akawa ametazama mabati. Nikavua dastikoti kwa sababu ilikuwa imelowa, nikavuta kigoda, nikakaa. Nilikuwa mume wa mtu, baba wa watoto wawili, nimechuchumaa nikivuta chuchu, na nyuma yangu amesimama mama aliyenipa binti yake akidhani amempa mwanamume. Niliona aibu mpaka kwenye mifupa. Ningeweza kuinuka nikakimbia, ningekimbia, lakini ule upande wa kiwele ulikuwa umejaa na ng'ombe alikuwa anatetemeka kwa maumivu. Nikabana, nikateremsha. Akatulia. Maziwa ya kwanza yakatoka na mabonge, nikayamwaga pembeni, yaliyofuata yakaanza kulia ndani ya ndoo.

Ndipo mama mkwe akazungumza. Kwetu, wakwe wakiwa na neno na hakuna mtu wa katikati wa kulipitisha, humwambia kiumbe chochote kilicho karibu, na mwenye kuhusika husikia. Alimwambia ng'ombe. Alisema Kikamba, polepole, akiwa bado ametazama mabati.

"Ng'ombe," akasema, "wewe unamjua huyu kuliko mimi. Mwambie kwamba mimi nililetwa hapa na hofu. Watu wanaotoka Nairobi walituambia mume wa mtoto wetu hutoka nyumbani kabla ya jogoo, hakuna anayejua aendako, na akiulizwa kazi yake hukasirika. Nikamwuliza mtoto wangu alipokuja kwa mazishi ya nyanya yake. Akasema aliahidi kutosema. Ng'ombe, ni kazi gani ambayo mke huahidishwa asiitaje? Baba yake akasema kazi isiyo na jina ni wizi. Akasema wezi wa Nairobi huvishwa tairi na kuchomwa, nenda ukamtoe mtoto na wajukuu kabla hawajaliona hilo. Nimekuja kwa sababu hiyo. Tangu nifike, kila alfajiri nasikia hatua zake zikipita nje ya mlango, namwomba Mungu arudi na mwili wake."

Nilikuwa nimeacha kukamua bila kujua.

"Mwambie nimeona," akasema. "Mwambie asisimame, mnyama anaumia."

Mwizi. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kuchukua hata kikombe cha maziwa cha Shosho bila ruhusa. Kule Kitui watu wazima walikuwa wamekaa chini wakazungumza jinsi nitakavyochomwa, na hakuna aliyetaja kukamua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kukamua. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeficha kitu kidogo namna hiyo mpaka watu wakaweka kikubwa mahali pake. Nilijua napaswa kujibu, na kujibu kupitia njia ile ile, kwa hivyo nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe nikamwambia yeye.

"Mwambie mama ni maziwa tu. Hakuna kingine."

"Nimeona," akamjibu ng'ombe tena.

Mke wangu na Shosho walirudi na karai la maji ya moto, wakatukuta hivyo. Tulikanda ule upande wa kiwele kwa kitambaa, nikakamua tena, tukakanda tena. Kesho yake daktari wa ng'ombe alikuja, akachoma sindano, akanusa zile raba zilizovimba, akatutolea lile somo la jeli nililolitaja. Shosho aliagiza raba mpya. Tangu hapo tulivisha vikombe kwenye chuchu kavu, na mashine ilikamua miaka mingi bila mluzi, na maziwa yakapanda tena, ingawa chuchu moja ya yule ng'ombe mweusi ilikufa na haikutoa chochote tena. Kila nilipomwosha niliiona.

Lakini ile jioni yenyewe tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama mkwe alitangulia mbele kabisa, kama nthoni inavyotaka, ili nisiwe karibu naye. Alikuwa amekwisha kumwambia mke wangu kwamba atapanda basi la asubuhi peke yake. Mimi na mke wangu tulifuata nyuma. Dastikoti nilikuwa nimeikunja, nimeibeba chini ya kwapa, inanuka.

"Ulijua kwamba nyumbani wananiita mwizi?" nikamwuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi ya nyanya. Baba aliniita mbele ya wajomba, akaniuliza kama wewe ni mwizi."

"Ukasemaje?"

"Nikanyamaza."

Hasira ilinipanda, ile yangu ya karibu. "Ulinyamaza? Mbele ya wajomba? Si ungewaambia tu nakamua ng'ombe?"

Alisimama akanitazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Wewe uliniambia kukamua ndiyo aibu kubwa kuliko zote," akasema. "Nikafikiri basi wizi una nafuu."

Mama mkwe alikuwa amefika Ngong Road, magari yanapita kwa kasi, naye amesimama ukingoni hajui avuke vipi. Mke wangu akaniacha pale, akakimbia mbele kumshika mkono.